Roboti na ofisi visichangie waya

Mwekezaji atakayejenga kiwanda cha mafuta ya alizeti Mkiwa, penye njia panda ya Itigi, akinunua roboti ya kupanga madumu asibanie nyaya. Vidhibiti vingi vya roboti vina matundu mawili ya mtandao: moja ni la mitambo, jingine la ofisi. Kila tundu lipewe kundi lake la anwani. Yakichangia kundi, kidhibiti huweza kupotea njia ya kupeleka ujumbe. Wala pasiwe na upenyo kati yake, virusi vya ofisini visifike kiwandani. Machi 2019 kompyuta za Norsk Hydro, kampuni ya alumini ya Norway, zilishambuliwa. Baadhi ya viwanda vikaendeshwa kwa mkono. Waya wa pili ni rahisi kuliko mtambo kusimama msimu wa mavuno.