Kisado hakimlindi mnyonge

Anayeandika kwamba kilo ni mzigo wa watu wa ofisini, na kwamba kisado na debe ndivyo vipimo vyetu vya asili, aanze na debe lenyewe: lilikuja na mafuta ya taa, likibeba galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na ushei. Asili gani hiyo? Lakini tuyaache hayo, maana hasara yenyewe iko kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Dagaa wakavu wakipimwa kwa ujazo, wazima huacha nafasi katikati, waliovunjika hushindiliwa, na kisado kilichobonyezwa kitako hakitoi siri. Mchuuzi anayetaka kijae hadi kumwagika atawauza dagaa haohao kwa kilo Dar es Salaam. Yeye anajua hesabu zote mbili. Mama anayeanika anajua moja. Mawese nayo hivyohivyo: dumu la lita 20 lina kama kilo 18 tu, na anayedhani lita ni kilo ataumia.

Naambiwa mizani nayo huchezewa. Huchezewa, ndiyo, ila mizani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Kisado kina stika gani? Fungu la nyanya libaki fungu, kwani mnunuzi analiona lote mezani. Gunia la dagaa linalovuka kwenda Burundi au Kongo ni habari nyingine, na hapo mizani moja ya pamoja mwaloni, inayogharimiwa na ushuru unaotozwa tayari, ingetosha kuanzia.