Rada ipo Songwe, je, ndege zikiwa chini Nduli nani anaziona?

Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 ya kampuni ya Safarilink iliruka kutoka Wilson, Nairobi, kwenda Diani ikiwa na watu 44. Muda mfupi baadaye ikagongana angani na Cessna 172 ya mafunzo.

Dash 8 ilirudi na kutua salama. Cessna iliangukia Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na watu wawili waliokuwamo wakafariki.

Wilson ina mnara na waongoza ndege, na bado ilitokea.

Iringa inahusikaje?

Kiwanja cha Nduli kimepanuliwa ili kipokee ndege kubwa zaidi, zikiwamo Bombardier Q400 za Air Tanzania zenye viti 76. Q400 ni ukoo uleule wa Dash 8.

Kwa miaka mingi Nduli ilizoea ndege ndogo, zikiwamo za watalii wa Hifadhi ya Ruaha. Kubwa na ndogo zikianza kugawana njia moja ya kutua, hesabu inabadilika. Hazina mwendo sawa, na rubani wa ndege kubwa hawezi kukata kona ghafla kama bodaboda.

Juu kabisa, utaratibu unaeleweka

Ndege zikiwa safarini hupangwa kwa ngazi. Inayoelekea mashariki hupewa maelfu ya futi yenye namba witiri, inayoelekea magharibi hupewa shufwa. Kati yao hubaki futi 1,000, yaani karibu mita 300.

Kwa hiyo ndege ya Dar kwenda Songwe na ile inayorudi Dar hupishana, moja juu, nyingine chini.

Shida huanza zinaposhuka. Hapo kila ndege inaacha ngazi yake na zote zinaelekea sehemu moja.

Rada ya Songwe inasaidia wapi?

Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ilisaini mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa rada nne za kiraia: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe mkoani Mbeya. Kabla ya hapo nchi ilitegemea rada moja ya kiraia, ile ya Dar.

Hiyo ni hatua kubwa. Lakini mawimbi ya rada huenda moja kwa moja, hayapindi kona. Kutoka Songwe hadi Nduli ni takriban kilomita 300 angani. Dunia ni mviringo, na katikati kuna milima.

Matokeo yake, ndege iliyo juu sana kwenye anga la Iringa inaonekana. Iliyoshuka hadi mita mia chache juu ya Nduli, hapana.

Na mashine ya kwenye ndege?

Ndege kubwa za abiria hubeba mfumo wa TCAS. Unasikiliza transponda za ndege za jirani, na hatari ikikaribia unamwambia rubani apande au ashuke.

Mfumo huu una mipaka mitatu. Kwanza, hauioni ndege isiyo na transponda, au iliyoizima. Pili, viwango vya kimataifa vinaulazimisha kwa ndege za uzito wa zaidi ya kilo 5,700 au abiria zaidi ya 19. Cessna ndogo haimo. Tatu, ndege ikiwa chini ya takriban futi 1,000 kutoka ardhini, mfumo huacha kutoa amri, maana kuamriwa ushuke hapo ni kuamriwa ugonge ardhi.

Yaani pale ndege zinapobanana zaidi, mashine inanyamaza.

Kinachobaki ni redio na macho

Ndege mbili zinazokuja uso kwa uso, kila moja kwa kilomita 220 kwa saa, hukaribiana kwa kilomita 7 kila dakika. Rubani akiinamisha kichwa sekunde 20 kusoma vipimo, zaidi ya kilomita 2 zimeshaliwa.

Nyanda za Juu Kusini kuna na ukungu. Abiria wa Songwe wanaujua, maana umewahi kuzirudisha ndege Dar. Ukungu na mawingu vikitanda, macho hayasaidii kitu.

Dawa yake si ngeni wala si ghali kama rada. Kila ndege ndogo inayotumia Nduli iwe na transponda, na iwe imewashwa. Kila rubani ataje kwa redio alipo, urefu alionao na anakoelekea, hata kama anadhani yuko peke yake. Ndege ya ratiba inapokaribia, ndogo zisubiri pembeni, mahali panapojulikana.

Njia ya kurukia imeshaongezwa urefu. Nidhamu ya angani nayo lazima ikue kwa kasi hiyohiyo, kabla Nduli haijapata asubuhi kama ile ya Wilson.