Ramani ya Ukutani Inamtaja Nani?

Na Yusufu Mukasa, Kampala

Nakala za ramani za kale za Afrika zimekuwa pambo la heshima hapa Kampala. Hoteli inaiweka mapokezi, wakili anaitundika ofisini, karatasi imekolezwa rangi ionekane ya zamani.

Chukua ile ya Mholanzi Willem Blaeu, ya karne ya 17, uisogelee. Juu kuna picha tisa za miji, Cairo na Msumbiji zikiwemo. Pembeni wamesimama watu na mavazi ya kwao. Pwani majina yamebanana: Melinde, Mombaza, Quiloa, yaani Kilwa yetu. Ukiingia bara unakuta tembo na simba, na Mto Nile ukitoka kwenye maziwa mawili kusini mwa ikweta. Habari hizo za maziwa asili yake ni Ptolemaio wa Alexandria, karne ya 2. Zaidi ya miaka 1,400 wachoraji walikuwa wakinakiliana, na sisi leo tunanakili tena bila neno la maelezo.

Ipo ramani nyingine ambayo sijaikuta ukutani popote mjini, nayo inatuhusu zaidi. Mwaka 1855 wamisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa Rabai karibu na Mombasa, na Jakob Erhardt, aliyeishi Tanga, walitoa ramani yenye ziwa moja kubwa ajabu, umbo kama konokono asiye na gamba. Ziwa hilo hawakuwahi kulitia machoni. Waliwauliza watu wa misafara, Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi, walioijua njia ya bara kwa miguu yao. Nyasa, Tanganyika na Nyanza vikachorwa ziwa moja. Umbo lilikosewa, lakini maji yalikuwepo kweli, na waliosema hivyo walikuwa watu wetu. Ramani hiyo iliichochea Jumuiya ya Kijiografia ya London kuwatuma wapelelezi Waingereza Burton na Speke kulitafuta ziwa hilo. Mwaka 1858 Speke akafika ukingoni mwa Nalubaale, ndiyo Nyanza hiyo, akaipa jina la malkia wake.

Majina ya wale watu wa misafara hayamo kwenye ramani. Angalau kazi yao itajwe. Anayeuza nakala aandike chini yake mwaka, mchoraji, kilichokosewa na waliotoa habari, kwa Kiswahili na Kiluganda. Makumbusho ya Uganda pale Kitante, yaliyoanzishwa mwaka 1908, ndiyo yanayofaa kuonyesha mfano. Nanyi wenye hoteli, anzeni na ile iliyopo mapokezi.