Wacha kumcheka mathe akinyoosha simu

Wasee wa Naks, tuongee ukweli. Nani hapa hajawahi kumcheka mzazi akisogeza simu mbali, mbali, mpaka mkono unaisha, ndio asome meseji ya M-Pesa? Mimi nimecheka. Hata niliigiza kwa video, mkapenda sana. Kumbe mathe aliiona. Na ndiyo maana miwani yake ya kusomea ilikuwa inalala kwa mkoba.

Mathe ni fundi wa nguo, ana miaka 47. Alikuwa ameanza kukataa kazi ya suruali nyeusi, kwa sababu uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi hauoni. Yaani aliona heri apoteze pesa kuliko aitwe shosho. Halafu siku moja akaniuliza polepole: "Hizo lenzi wasichana wenu huvaa ndani ya macho, haziwezi kunisaidia?"

Nikasema ndio, haraka sana. Tukaenda kupimwa.

Hapo ndio nilijifunza. Jicho lina lenzi yake ya ndani. Ukiwa mdogo ni laini, inabadilika umbo ndio uone karibu. Kuanzia kama miaka 40 inakakamaa. Si ugonjwa, si eti hukula karoti. Itatufika sisi wote, hata wewe mwenye kucheka.

Na lenzi za kuvaa za watu wa umri huo zipo kweli. Kuna zile zina nguvu kadhaa ndani ya lenzi moja, za kuona mbali na karibu. Kuna njia nyingine ambapo jicho moja linapewa kazi ya mbali na lingine ya karibu, ubongo unazoea, ingawa kukadiria umbali kunaweza kusumbua. Na kama tayari unavaa lenzi za mbali, unaweza kuongeza tu miwani ukisoma.

Lakini yule mtaalamu hakuanza na bei. Alimuuliza mathe: unafanya kazi gani? Kitambaa kiko umbali gani na macho? Mahali unaposhonea kuna vumbi? Utaweza kununua lenzi mpya kila zile zikiisha muda, pamoja na dawa ya kuzisafishia? Kwa sababu lenzi haioshwi na maji ya mfereji, wala mate, na hulali nayo. Ukizembea, jicho linapata maambukizi mabaya. Sasa fikiria vumbi letu la Januari, halafu nyuzi za vitambaa zinapepea siku nzima.

Mathe akachagua miwani ya kazi. Lenzi amesema ataangalia baadaye, za harusi na kanisa. Sawa kabisa.

Maoni yangu ni haya: lenzi si mbaya, miwani si uzee. Kitu kibaya ni mtu kuchagua kwa sababu ya aibu, na hiyo aibu mara nyingi tumeileta sisi watoto. Halafu inakula pesa ya nyumba. Kuna utafiti ulichapishwa mwaka wa 2018 juu ya wachumaji chai wa Assam, India, wenye miaka 40 kwenda juu. Waliopewa miwani ya kuona karibu, kazi yao ilipanda kwa karibu asilimia 22 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Chai, wasee! Kericho ni hapo tu. Wangapi huko wanachuma kwa kubahatisha?

Na tafadhali, usimnunulie mzazi miwani ya barabarani ukadhani umemaliza. Ile huwa na nguvu sawa macho yote mawili, na macho ya watu wengi hayafanani. Pia ugonjwa wa glakoma huongezeka baada ya miaka 40, na huiba macho polepole bila maumivu. Muuza miwani wa steji hawezi kuuona. Kipimo kinaweza.

Ile video nimeifuta, na mathe nimemwomba msamaha. Alicheka, akanipa sindano niitie uzi. Ikanishinda mara tatu.

Wikendi hii, mzazi wako akinyoosha mkono asome simu, usitoe kamera. Muulize: mara ya mwisho ulipimwa macho ni lini?