Usijiite Global, Mwanangu: Jina la Kazi Yako Liwe Lako

Leo nimekuja barazani na hasira kidogo, mnivumilie. Chai yenyewe imepoa nikiandika.

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu alinitumia ujumbe kutoka kwetu Nyantakara, wilayani Biharamulo, mkoa wa Kagera. Mimi nimeolewa huku Unguja miaka mingi, lakini kitovu changu kimezikwa kule. Msichana huyu anaandika kwa malipo. Anawaandikia watu wasifu wa kazi, barua za maombi, maandiko ya miradi ya vikundi vya kina mama, na siku hizi makala za tovuti za watu. Sasa anataka kufungua biashara rasmi na tovuti yake mwenyewe. Akaniletea majina saba nimchagulie.

Yote saba ya Kiingereza. Kulikuwa na Global, kulikuwa na Elite, Solutions zilikuwa mbili, na moja lilikuwa na Write ndani yake kwa mchezo wa maneno. Nikamuuliza, "Mwanangu, wewe mwenyewe uko wapi humu?" Akanijibu, "Mama mdogo, jina la huku linanuka shamba. Mteja akiona Nyantakara atanilipa bei ya kijijini."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Maneno hayo hakuyazaa yeye. Kalishwa na washauri wa biashara wa mitandaoni, wanaomfundisha kila binti kwamba hatua ya kwanza ya kufanikiwa ni kuficha alikotoka. Mimi nasema wanawapoteza watoto wetu, na nitasema kwa nini.

Kwanza, jina lisilo na ukweli ni uongo wa siku ya kwanza. Global gani, naye ni msichana mmoja, kompyuta moja ya mtumba na simu ya kununulia bando? Kesho ataandika kwenye tovuti "sisi ni timu ya wataalamu", kwa sababu jina limeshamlazimisha. Keshokutwa mteja atapiga simu akitaka kuongea na meneja. Kazi ya kuandika ni amana: mtu anakupa habari zake umsemee. Ukianza kwa kumdanganya wewe ni nani, atakuamini vipi kwa mengine?

Pili, anauza maneno ya Kiswahili kwa watu wa Kiswahili. Fundi anayeona haya kuvaa nguo aliyoishona mwenyewe, nani atampelekea kitambaa? Na lipo jambo la kawaida kabisa ambalo washauri hawalisemi. Jina la biashara husafiri kwa mdomo. Mama mmoja sokoni humwambia mwenzake, "Nenda kwa fulani, anaandika vizuri." Sasa huyo mwenzake akalitafute hilo la Write: ataandika right, ataandika rait, na wewe hakuoni. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Nyantakara, aliyelisikia amejua kuliandika. Majirani zake wote vivyo hivyo: Nyakahura, Nyarubungo, Nyabusozi, Nyakanazi. Hakuna herufi iliyojificha.

Najua mtakalonijibu. Mtasema wateja wa nje wanataka Kiingereza. Sawa, kama wateja wako kweli wako London, andika maelezo ya kazi zako kwa Kiingereza safi, tena uwashinde. Lakini jina si maelezo. Mzungu haogopi kutamka jina la kigeni likiwa na kazi nzuri nyuma yake. Mbona sisi tunatamka yao kila siku mpaka ulimi unauma? Mwingine atasema mwanamke kujianika kwa jina lake si haya. Dada, haya iko kwenye unachoandika na unavyowatendea watu. Dini yetu haijamvua mwanamke jina la baba yake hata akiolewa, na wewe unajivua mwenyewe kwa ajili ya tovuti?

Hapa kisiwani tunaye shahidi. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akapewa jina la Mtumwa. Alianza kwa kuuza vyungu. Alipoinuka kwa sauti yake watu wakamwita Siti, jina la heshima, na "binti Saad" likabaki palepale, la baba yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, kwa Kiswahili, wakati taarabu ya wakubwa ilikuwa ya Kiarabu. Alikataa jina la kudhalilishwa, lakini hakuazima la kujikweza.

Na huko Bara tunao ushahidi wa majina ya kuazima. Wajerumani waliita Lushoto Wilhelmstal, na Tukuyu wakaiita Neu-Langenburg. Leo mwulize dereva wa basi akupeleke Wilhelmstal uone. Mkoa wetu wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi, yaani upande tu wa ramani, mpaka baada ya vita vya 1978 na 1979 ukapewa jina la mto wake, Kagera. Jina lenye mizizi hukaa.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi: jina liwe lako hata kwenye karatasi. Mimi tovuti yangu ya kwanza nilitengenezewa na kijana mmoja, akaandikisha anwani kwa barua pepe yake na jina lake. Sikuuliza, nilikuwa nashangilia rangi. Tulipokosana juu ya malipo, anwani ikaondoka naye, pamoja na makala za miaka miwili. Jina nililohangaika kulichagua halikuwa langu hata siku moja.

Kwa hiyo nilimwandikia mwanangu hivi. Sajili jina la biashara BRELA, kwa namba yako mwenyewe ya NIDA. Sisi wa Zanzibar tuna BPRA. Hizo ni daftari mbili mbalimbali, na kusajiliwa upande mmoja si kusajiliwa upande wa pili. Jina la biashara nalo si anwani ya tovuti. Anwani, iwe ya .co.tz au nyingine, huilipii mara moja ikaisha. Unalipia kwa muda, na muda ukipita bila malipo mwingine anaweza kuichukua. Basi iandikishwe kwa jina lako na barua pepe yako, na neno la siri ulijue wewe. Si la kaka, si la mchumba, si la fundi. Na kabla ya yote hayo angalia kama hakuna mwenye jina hilo tayari, maana kumchanganyia mwenzio riziki yake si uungwana.

Kisha nikampendekezea: chukua jina lako na la baba yako, au ita Kalamu ya Nyantakara. Mteja akiuliza Nyantakara ni wapi, mazungumzo yameshaanza. Bei ya kijijini hailetwi na jina. Inaletwa na wewe kuogopa kutaja bei yako.

Jana usiku amenijibu. Sita amefuta. La saba, lile la Write, bado analing'ang'ania, anasema ni tamu. Tumekubaliana ampigie bibi yake simu amtajie, bibi amtajie jirani, na jirani aliandike kwenye karatasi. Likifika salama, mimi nitanyamaza.

Na wewe unayenisoma, anwani ya tovuti yako imeandikishwa kwa jina la nani? Kaangalie kabla hujalala. Allah atubarikie kazi za mikono yetu, na majina yake.