Unyenyekevu Si Kujidharau

Wasee wangu, tuongee ukweli kidogo. Kiburi cha mwanasiasa kanisani tunakijua haraka. Anafika amechelewa, anapewa kiti cha mbele, anashika maikrofoni na kutaja pesa alizoleta. Tunamcheka. Lakini kuna kiburi kingine kimekaa kwenye mabenchi yetu kila Jumapili, na hicho hakuna anayekicheka.

Kiko hivi. Kijana wa boda hapa steji ya Longonot anaingia ibada na jaketi la vumbi, ametoka kazini. Anaangaliwa kuanzia viatu mpaka kichwani, halafu anaonyeshwa benchi la nyuma. Hakuna aliyemtukana. Jumapili inayofuata hayuko, na watu wanasema vijana wa siku hizi wamepotea. Bana, amepotea ama amesukumwa? Yakobo, kwenye sura ya 2 ya waraka wake, aliwakemea waumini kwa jambo hilo hilo: tajiri anapewa kiti kizuri, maskini anaambiwa asimame. Karibu miaka 2,000 imepita na bado tunapanga viti.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hili swali la "siku hizi uko wapi?" nalijua vizuri. Kuna anayekuuliza kwa sababu anakujali, na kuna anayekuuliza ndio ujue ngazi yako.

Kiburi kinamuumiza hata mwenyewe. Ukishasimama mbele ya watu ukashuhudia venye umebarikiwa, utawaambiaje wiki ijayo kwamba madeni yamekufika shingoni? Unanyamaza. Unaumia peke yako katikati ya watu ambao wangekuombea, pengine hata wakuchangie. Mwenye kiburi hawezi kuomba msaada, hawezi kuomba msamaha, na hafundishiki.

Sasa twende Njoro, hapa hapa kaunti yetu ya Nakuru. Bruda Peter Tabichi ni mtawa wa Kifransisko. Alikuwa akifundisha hesabu na fizikia Keriko, shule ya sekondari ya kutwa katika kijiji cha Pwani. Shule ilikuwa na kompyuta moja na mtandao wa kubahatisha, na wanafunzi wengi walitoka familia zisizo na kitu. Yeye alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia maskini. Machi 2019 akashinda Global Teacher Prize huko Dubai, dola milioni 1, Mwafrika wa kwanza kuipata. Akasema yuko pale kwa sababu ya yale wanafunzi wake wamefanya.

Angalia vizuri. Hakukataa tuzo. Hakujifanya hajui kufundisha. Alipanda jukwaani, dunia nzima ikamwona, na bado hadithi ikabaki ya wanafunzi. Hapo ndipo wengi hukosea, wanadhani mnyenyekevu ni mtu wa kusema "mimi si kitu" kwa sauti ya chini. Mungu akikupa kipaji, kukiita takataka si unyenyekevu. Kitumie, lakini usikigeuze ngazi ya kuwakanyagia wengine.

Na sisi watu wa kamera, tusijifiche. Ukirekodi video ukimpa mama pakiti ya unga, shujaa wa hiyo video ni nani? Yeye amekubali uso wake uonekane? Kama simu ingezima, ungempa bado? Yesu alifundisha watu watoe kwa siri, na sidhani alikuwa anabahatisha. Mama akishapika huo unga, unaisha. Video ya aibu yake inabaki mtandaoni miaka.

Ukishuka mteremko kuja Maai Mahiu, kando ya barabara kuna kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Italia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ni dogo kiasi kwamba kutoka mlangoni mpaka altareni ni hatua chache tu. Mheshimiwa akiingia mle na dereva wa lori akiingia, watakaa karibu, wapende wasipende. Si lazima kanisa lako liwe dogo hivyo ndio mkae hivyo.

Jumapili hii, kabla hujatafuta kiti, tazama nyuma uone nani amekaa peke yake. Kaa naye. Muulize jina. Halafu simu iache mfukoni.