Bangili si Pambo Tu

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wengi wetu tulifunzwa methali hii tangu shule ya msingi, nayo imetufundisha kuyadharau mapambo, kwamba ni mambo ya nje yasiyostahili kumshughulisha msomi. Katika makala haya ninanuia kuupinga mtazamo huo kwa kutumia neno moja tu, bangili. Dai langu ni kwamba sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tumelipokea neno hili huku tukiiacha maana yake mlangoni, na kwamba uzembe huo una gharama.

Gharama hiyo niliionja mwenyewe mjini Kitengela. Tulikuwa na jirani, bibi mmoja mwenye asili ya Kihindi, aliyeniuguza kama mama mzazi nilipougua homa ya matumbo. Nilipopona nilimnunulia dazeni moja ya bangili za kioo, nyekundu na za kijani. Alizipokea kwa mikono miwili, akazitazama kwa muda, kisha akazirudisha ndani ya karatasi yake. "Ahsante, mwanangu," aliniambia kwa upole, "lakini hizi ni za mwanamke mwenye mume. Zangu zilivunjwa siku alipofariki mzee." Nilikuwa nimekisoma Kiswahili chuoni kwa zaidi ya miaka mitano. Nilijua ngeli ya bangili na asili ya neno lenyewe. Sikujua kwamba kwa zawadi hiyo ningemtonesha mtu kidonda.

Neno hili limetoka katika lugha za Bara Hindi, na huko kitu chenyewe ni cha kale mno. Sanamu ndogo ya msichana iliyofukuliwa Mohenjo-daro, katika Pakistani ya leo, mwaka 1926, inakadiriwa kuwa na umri wa miaka 4,500 hivi. Msichana huyo hana vazi, lakini mkono wake wa kushoto umejaa bangili kutoka juu hadi chini. Mpaka leo bangili huko husomwa kama maandishi. Bibi harusi wa Punjab huvaa seti ya bangili nyekundu na nyeupe iitwayo chura. Mke wa Kibengali wa dini ya Kihindu huvaa shakha, iliyochongwa kutoka kombe la baharini, pamoja na pola nyekundu. Bibi harusi wa Maharashtra hupambwa kwa kioo cha kijani. Masikh, wake kwa waume, huvaa kara ya chuma, mojawapo ya alama tano za imani yao. Na mume alipofariki, desturi ya Wahindu wengi iliamuru bangili za mjane zivunjwe.

Huenda msomaji akauliza: hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Katika karne ya 19, pembe za ndovu wa Afrika Mashariki zilipitia Unguja kuelekea Kutch, Gujarat na Bombay, na nyingi kati yake zilichongwa bangili za maharusi. Profesa Abdul Sheriff ameieleza biashara hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watumwa, karafuu na pembe. Baadaye ilikuja reli, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na maduka ya Wahindi yakaifuata hadi vituo vya bara. Kajiado yenyewe ipo kwenye tawi la reli litokalo Konza kwenda Magadi. Mwaka 1989, na tena mwaka 2016 zilipoteketezwa tani 105, Kenya ilichoma pembe hadharani katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, inayopakana na Kitengela. Siku hizi chura hutengenezwa kwa plastiki.

Isitoshe, lugha hii ya mikono si ngeni kwetu. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, anamuusia bintiye ajipambe kwa ajili ya mumewe, na miongoni mwa mapambo anayoyataja ni makoa ya mikononi. Aliyatunga hayo akiwa mjane. Mjane Mwislamu anapokaa eda ya miezi minne na siku kumi huvua mapambo yake. Na hapa Kajiado, mama wa Kimaasai atungapo shanga huchagua rangi kwa maana: nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu, kijani ni malisho. Kando ya barabara ya Namanga kazi ya mikono hiyo huuzwa kwa wapita njia, nasi huiita kwa jina lile lile, bangili, kisha tukaenda zetu.

Kiswahili hakikuwa maskini namna hii. Tulikuwa na kekee, kikuku, banagiri, timbi, furungu na mtali, kila moja na umbo lake na mahali pake mwilini. Leo mwanafunzi akikutana na maneno haya katika tungo za kale, kamusi humpa karibu jibu moja kwa yote: aina ya pambo. Nani alilivaa, lini, na alilivua kwa sababu gani, hafunuliwi.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya wanaanthropolojia. Siafiki. Maana ya neno ni kazi yetu, na maana ya bangili haikomei kwenye umbo lake. Wengine watasema kwamba kuzirekodi desturi hizi ni kuutukuza ukandamizaji wa wajane. Hoja hii ina uzito, lakini kurekodi si kubariki. Mwaka 2022 baraza la kijiji cha Herwad, katika jimbo la Maharashtra, lilipiga marufuku desturi za kuwadhalilisha wajane, ikiwamo kuwavunjia bangili. Uamuzi huo mkubwa hautamwingia akilini mtu anayedhani bangili ni pambo tu.

Napendekeza, basi, kwamba kila mmoja wetu anayeandika tasnifu juu ya ushairi wa kale atenge siku chache za kuwahoji masonara, watunga shanga na wazee wa jamii zote, Wahindi wakiwamo, kwani tangu mwaka 2017 serikali imewatambua rasmi kuwa kabila la 44 la Kenya. Majarida kama hili yachapishe orodha za maneno hayo pamoja na maelezo ya wenyewe.

Yule bibi alihama Kitengela kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza zaidi. Dazeni ile ya bangili ningali nayo. Wenzangu, waulizeni wenu wangali karibu.